Aliyetuchekesha kwa Maiti

Mama Video alikuwa akiua mtu kila Jumamosi mchana, na sisi wa Elburgon, mji wa mbao, tulilipa kiingilio tukaingia kucheka. Maiti ilianguka kutoka kabatini ikamwangukia mhudumu aliyebeba chai, chai ikammwagikia mheshimiwa, mheshimiwa akaruka akakanyaga mkia wa paka. Yeye alisimama kando ya televisheni, ameshika maiki iliyotupwa na kanisa kwa ubovu, akatangaza: "Mnaona sasa? Mtu amekufa na bado anasumbua watu!" Ukumbi wote wa mabati ulitetemeka. Wanaume waliokatwa vidole na misumeno walipiga makofi kwa vidole vilivyobaki.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sikuwahi kuuliza, na sidhani angenijibu. Nilimjua kwa sababu karakana yangu na ukumbi wake vilishiriki ukuta mmoja. Mimi ni seremala. Natengeneza vitanda, makabati na majeneza, na majeneza ndiyo yanayonilisha zaidi, sioni haya kusema. Mabenchi ya ukumbi wake nilitengeneza mimi, na nikayarekebisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwa maana watu walikuwa wakipigana nayo.

Walipigania nini? Walipigania muuaji. Sinema zake za Jumamosi zilikuwa za zamani, nyeusi na nyeupe, alizozikuta kwenye katoni la hoteli moja ya Nakuru iliyofungwa. Hakuna mwingine aliyezitaka. Ndani yake kila mara kuna tajiri aliyeuawa katika nyumba kubwa, na bwana na bibi wanaogombana kutwa nzima huku wakimtafuta aliyeua. Watu wanavaa vizuri, wanakunywa sana, wanaongea Kiingereza cha mbio. Kwetu sinema ya Kizungu haitazamwi kimya, lazima awepo mtu wa kuisimulia kwa Kiswahili. Mama Video alizima sauti ya sinema akaweka yake. Nusu alielewa, nusu alitunga, na nusu aliyotunga ndiyo iliyokuwa tamu. Yule bwana na bibi aliwaita Baba Shiro na Mama Shiro. Polisi mnene anayeanguka ngazini alimwita Afande Kitambi.

Ikifika karibu na mwisho, wote wamekusanywa sebuleni, Mama Video alisimamisha picha. Alifunga mlango kwa kufuli, akaweka ufunguo kifuani.

"Hakuna mtu anatoka. Nani ameua?"

"Ni dereva!"

"Dereva gani? Dereva alikuwa anaosha gari! Ni yule shangazi!"

"Wewe unajua nini, wewe?"

Hapo ndipo benchi lilipopanda juu. Nimemwona mbeba magogo akimng'oa mwenzake jino kwa ajili ya mpishi wa Kizungu aliyekufa kabla baba zao hawajazaliwa. Nimeona damu kwenye kuta za mabati, na watu walewale wakirudi Jumamosi iliyofuata na plasta usoni wakitaka viti vya mbele.

Mama Video mwenyewe alikuwa na hasira za karibu. Alikuwa na ubao wa msonobari, zawadi yangu kwa bahati mbaya, na hakuubagulia mtu. Kuna jamaa aliyekwisha kuiona sinema fulani, akamtaja muuaji mapema ili aonekane mjanja. Ubao ulimpata puani kabla hajamaliza jina. "Hapa mtu hatajwi hadi mwisho," Mama Video alimwambia, huku yule jamaa ameinama, damu inachuruzika kwenye magumboti yake. "Ukimtaja mapema bila kuonyesha, huo ni umbea."

Nimefikiria sana kwa nini watu waliotoka kushinda na misumeno walizipenda sinema hizo, na karate zilikuwepo, na za bunduki zilikuwepo. Nafikiri ni hivi. Katika karate wanakufa watu shamba zima na hakuna anayeuliza. Katika zile za Mama Video anakufa mmoja tu, tena mtu mbaya asiyeliliwa na yeyote, lakini nyumba nzima haipumziki hadi ijulikane. Halafu mnacheka njiani. Na Mama Shiro alikuwa akimjibu mumewe neno kwa neno, mume anacheka na kumwongezea kinywaji. Wanawake walikuja na watoto mgongoni kusikia hayo. Mmoja alikwenda nyumbani akamjibu mumewe vilevile, akapigwa akavunjwa mkono. Mama Video alimngoja yule mume mlangoni Jumamosi iliyofuata. Sitasema alimfanya nini, ila nililetewa ubao niutengeneze upya.

Usidhani alikuwa mtu wa kupenda vurugu. Kijana mmoja alishikwa stendi, wakasema ameiba simu. Nilipofika walikuwa wameshampasua kichwa kwa jiwe, jicho moja halionekani kwa damu, na tairi limeletwa. Watu wazima, wengine wa kanisani kwangu, wanangoja petroli. Mama Video alipenya katikati yao na ule ubao.

"Nani amemwona akiiba?"

"Mathe, toka hapa, utaumia!"

"Nimeuliza swali. Wewe, ulimwona?" Ubao begani. "Na wewe? Ulimwona kwa macho yako?" Ubao mgongoni.

"Tumeskia tu ni yeye!"

"Mmeskia! Mmeskia na mnataka kuchoma mtoto wa mtu!"

Aliuliza mmoja mmoja, akimpiga kila aliyeshindwa kujibu, na wote walishindwa. Alipomfikia mwenye tairi, yule mtu alikuwa tayari analiviringisha kurudi nalo dukani. Kijana aliishi, ingawa jicho halikupona. Ile simu ilichukuliwa na nani, hatujui hata leo.

Mwanamke huyohuyo hakuweza kutazama msumeno ukizunguka. Kuku alichinja, mbuzi alichinja, lakini nikiwasha mashine karakanani alifunga dirisha lake. Na hakupita nyuma ya kiwanda cha mbao, hata mvua inyeshe, hata kama amebeba mzigo. Alizunguka mbali, kando ya reli, akirudi na matope hadi magotini. Wageni walimcheka. Wenyeji walinyamaza, kwa kuwa tulijua kilichokutwa pale nyuma.

Mumewe alikuwa mpimaji wa magogo kiwandani. Mtu wa polepole, anayeweka sukari kupita kiasi. Alianza kuona malori yakileta mitarakwa, miti ya asili, iliyokatwa kwa wizi msitu wa Mau, akaambiwa aiandike kuwa msonobari wa shamba. Akakataa. Akamwambia msimamizi wa kiwanda kwamba atawaona watu wa misitu. Jioni moja hakurudi nyumbani. Wafanyakazi walimkuta walipokuwa wakizoa maranda, amefukiwa kwenye lundo.

Jeneza lake nililitengeneza mimi, na ni mimi niliyemweka ndani, kwa hiyo niliona. Panga lilikuwa limepita shingoni, lakini mikono ndiyo iliyoharibika kwanza, kwa maana alijikinga nayo. Na kwenye vifundo vya miguu kulikuwa na alama nyeusi za vidole, pande zote mbili. Mtu alimshika kwa nguvu asipige mateke. Nililia pale karakanani, mtu mzima mimi.

Polisi walikuja, wakanywa chai ofisini kwa msimamizi, wakaandika kwamba ameuawa na watu wasiojulikana. Kwetu watu wasiojulikana huja kuchimba kaburi. Hula wali wa matanga, hukushika mkono, hukuuliza unaendeleaje. Kwenye mazishi kila aliyepewa maiki alisema marehemu alipenda sukari. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani amemuua, na mjane alikuwa ameketi hapo hapo, anatutazama mmoja baada ya mwingine.

Sinema zilianza baada ya hapo. Siku moja nilimuuliza inakuwaje mtu kama yeye, kwa yaliyompata, anachekesha watu kwa maiti.

"Fundi," alinijibu, "kwa hizi sinema mtu akikufa nyumba inafungwa. Hakuna mtu anaenda kwake hadi ijulikane. Mimi hiyo tu ndiyo naangalia. Hiyo ingine ya kucheka ni ya kuleta watu."

Na watu walikuja. Msimamizi mwenyewe alikuja, benchi la mbele, akicheka hadi anafuta machozi. Mwendesha msumeno wake, shemeji yake, alikaa naye. Mama Video aliwapokea kama wengine. Nilidhani hajui kitu. Kweli alikuwa hajui, alikuwa anashuku tu, na mtu aliyempiga mwenzake pua kwa kutaja bila kuonyesha hakuweza kutaja kwa kushuku.

Kisha msimamizi akafa, kwa ugonjwa wa sukari, kitandani, hospitalini Nakuru. Wiki hiyohiyo mbeba magogo mmoja aliyekuwa ameokoka alikwenda jikoni kwa Mama Video mchana, akapiga magoti kando ya jiko la makaa. Alimweleza yote. Msimamizi aliagiza. Mwendesha msumeno alishika panga. Mama Video alikuja karakanani akanisimulia.

"Akaniambia, mama, naomba unisamehe, mimi nilishika miguu tu. Tu! Alisema tu, fundi!"

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nitakusamehe mbele ya watu. Useme mbele ya watu, nikusamehe mbele ya watu. Akasema hiyo hawezi. Akaenda na Biblia yake."

Siku ya mazishi ya msimamizi mji mzima ulikuwa chini ya mahema. Chifu, mchungaji, kiwanda chote. Jeneza lilikuwa langu, la mahogani, limewekwa juu ya stuli mbele ya watu. Mimi nilisimama kichwani pake na bisibisi, nikingoja watu wamalize kumtazama nifunge kifuniko. Niseme hilo wazi, maana kila mtu aliniona niliposimama.

Hotuba zilikuwa ndefu, watu wameanza kusinzia. Ndipo emsii, mwongoza shughuli, akafanya kosa ambalo sidhani lingefanywa mahali pengine. Kwetu matanga yakizidi uzito, hutafutwa mtu wa kuyachangamsha. Akasema, "Kabla hatujafunga sanduku, Mama Video yuko wapi? Hebu kuja utuchekeshe kidogo. Mzee alipenda kicheko!"

Alitoka nyuma polepole. Akaichukua maiki kwa mikono miwili, alivyozoea.

"Habari zenu, watazamaji."

Watu walicheka papo hapo, kwa furaha ya kumsikia.

"Picha yetu inaanza kwa kiwanda cha mbao. Kuna mtu hapa anapima magogo. Mtu mbaya sana huyu, gogo la wizi anaandika ni la wizi!" Kicheko. "Bosi yake amekasirika. Amekunja uso hivi." Akakunja uso, na alikuwa msimamizi kabisa, hata mjane wa msimamizi alifunika mdomo kwa leso. "Bosi anaita vijana wawili. Mmoja ako na panga. Mwingine ako na mikono tu, lakini mikono ya kubeba magogo. Huyo anaambiwa, wewe shika miguu."

Akainama akaonyesha jinsi miguu inavyoshikwa, inavyotikisika. Wakacheka tena. Mimi sikucheka, na si kwa werevu. Mimi nilikuwa nimeviona vile vifundo.

"Mtu wetu anasema wacheni, niko na watoto. Panga inashuka. Anaweka mkono. Mkono unaisha. Anaweka ule mwingine."

Kicheko kilikatika mbele kwanza. Nyuma bado walicheka kidogo, kisha nao wakanyamaza.

"Sasa tumefika mwisho. Hakuna mtu anatoka. Nani ameua?"

"Dereva!" mtu mmoja akapaza sauti kwa mazoea. Hakuna aliyemcheka.

"Si dereva. Aliyetuma ni huyu amelala hapa kwa sanduku ya fundi." Akamtaja mwendesha msumeno kwa majina yake, na jina la baba yake. "Ndiye alishika panga. Amesimama pale kando ya chifu, amevaa koti ya buluu." Kisha akageuka upande wa kwaya, akamtaja na yule mwingine. "Na wewe ulishika miguu. Ulikuja kwangu ukapiga magoti. Sema, ndugu. Sema sasa, nikusamehe."

Yule mtu aliitazama Biblia yake. Watu wote walikuwa wakimtazama. Kama angefungua mdomo, nadhani mengi yangegeuka, lakini hakuufungua.

Mwendesha msumeno alifika kwa Mama Video kabla emsii hajamnyang'anya maiki. Alimpiga kwa mpini wa koleo la kuchimbia kaburi, na taya lilipovunjika mlio ulitoka kwenye spika zote. Wana wa msimamizi wakaja na viti. Walimpiga ameanguka, wakampiga mateke ya mbavu, na watu waliojaribu kumtoa wakapigwa pia. Mtu akasukumwa akagonga stuli. Jeneza likaporomoka, kifuniko ambacho sikuwa nimekifunga kikaruka, na msimamizi akabingirika kwenye nyasi, suti yake imepasuliwa mgongoni vile wanavyowavalisha maiti mochari. Mjane alipiga yowe. Ilikuwa ni sinema yake kabisa, maiti isiyotulia mahali pake, na sijawahi kuona kitu kibaya kama kile.

Tulimvuta Mama Video kutoka chini ya miguu ya watu, mimi na wanawake watatu wa sokoni, tukamkimbiza zahanati kwa mkokoteni. Kutoka hapo akapelekwa Nakuru. Siku chache baadaye ukumbi wake uliungua, pamoja na katoni la sinema, na upande wa ukuta wangu ukawa mweusi.

Polisi waliuliza. Chifu alisema ilikuwa fujo ya kifamilia. Mchungaji alikuwa ameinama akiomba. Kwaya walikuwa wakitafuta wimbo. Emsii alisema jenereta ilipiga kelele. Wengine walikuwa wamekwenda msalani, na kwa hesabu yao choo kile kingekuwa kikubwa kuliko kanisa. Mji mzima ulikuwa chini ya mahema yale, na hakuna aliyesikia jina.

Mwendesha msumeno ndiye msimamizi sasa. Mbao zangu zote zinatoka kwake. Hupita karakanani asubuhi, anasimama kando ya ule ukuta.

"Sasa, fundi. Ukuta ulipona?"

"Ulipona."

"Chunga tu. Mbao kavu inashika moto haraka."

Nilikwenda kumwona Mama Video kwa binti yake, mtaa wa Kaptembwa huko Nakuru, na unga na sukari mkononi. Alikuwa amekonda. Taya limepona vibaya, limekwenda upande, na maneno yalitoka mazito, moja moja. Yule mwanamke aliyekuwa akiongea kwa midomo ya watu kumi sasa alipangusa mate kwa leso kila baada ya sentensi. Iliniuma mno, nikaanza kuongea mambo ya mvua na bei ya viazi.

Aliniacha nimalize.

"Fundi. Kuna afisa hapa mjini. Amesema atafungua ile faili ya bwana yangu. Anataka mtu mmoja alisikia. Mmoja tu, asikuwe mimi." Akapangusa mdomo. "Kila mtu anakuja hapa na sukari. Namuuliza. Wote walikuwa nyuma."

Binti yake, aliyekuwa akimimina chai, aliacha kumimina.

"Wewe ulikuwa wapi, fundi?"

Nilifikiria watoto wangu. Nilifikiria mbao zangu, na ule ukuta, na kwamba nitarudi Elburgon jioni ileile.

"Nilikuwa mbele," nikasema. "Nilikuwa kichwani pa jeneza. Nilisikia yote. Na mumeo nilimwona miguu yake, nilipokuwa namweka kwenye sanduku. Ilishikwa."

Aliweka leso kando. Kisha akasema, "Wataje."

Nikawataja. Msimamizi, aliyetuma. Mwendesha msumeno, panga. Mbeba magogo, miguu. Sikuwa nimewahi kuyatamka majina hayo pamoja, hata kwa mke wangu.

"Rudia."

Nikarudia. Mama Video alikuwa analia, kitu ambacho sikuwahi kukiona, hata siku ile nilipomletea jeneza la mumewe. Alilia kwa sauti, na lile taya baya, na hakujifunika uso. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwambia nani amemuua mume wake mbele ya shahidi, mchana, amekaa kitini.

Kisha akavaa viatu. Binti akatuletea mwavuli. Tulitembea hadi kituo polepole kwa sababu ya mbavu zake, na mara mbili nilitaka kumwambia nimesahau kitu, ngoja nirudi kidogo. Alinishika mkono wa koti njia nzima.

Afisa alikuwa kijana, mtulivu. Alivuta karatasi, akatutazama wote wawili, akaniuliza kama najua hatari ya mahali ninapoishi na ya ninachotaka kufanya. Nikamwambia najua. Akaniuliza jina.

Nikampa yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho changu.